Honda C70 ya ami: haina karenti, ikipata karenti inazima njiani (Malindi)

Barani_C70 (Ijumaa, saa 4 usiku)
Salaam wakubwa, naombeni msaada nimechoka. Nna Honda C70 ya ami yangu, ile ya gia tatu isiyo na klachi ya mkono, zamani alikuwa akiendea shamba na msikitini, halafu ikakaa bandani hapa Barani miaka na miaka mpaka kuku wakawa wanatagia kwenye kikapu. Nikaiomba akanipa, akaniambia "ukiiharibu nakudai", alikuwa akicheka lakini namjua hachezi. Nimeitengeneza mwaka mzima. Fremu imekwanguliwa kutu yote ikapigwa rangi ya buluu tabaka tatu, ringi mpya, kabureta imeoshwa, siti imeshonwa, waya nyingi nimebadilisha maana zilikuwa zimeota ukijani wa chumvi. Ni ya 6V ya platina (vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke), si CDI ya elektroniki.

Sasa cha kuudhi ni hiki, nilipoitoa bandani ilikuwa na karenti, hafifu lakini ipo, ukiisukuma inakohoa. Leo imeng'aa kama bibi harusi na haina hata cheche moja. Platina mpya, plagi mpya, kondensa ni ileile ya zamani. Nimepiga kiki mpaka goti limevimba. Nianzie wapi?

GongoniBoda
Anzia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu 😂 chukua Boxer kaka, kiki moja uko Mambrui

Barani_C70
@GongoniBoda hii si ya kubebea abiria ndugu yangu, ni kumbukumbu. Mwenye la maana aseme.

BabaPlatina
Mwanangu Barani, umeshajijibu mwenyewe ila hukujisikia. Umesema ilipokuwa chafu ilikuwa na karenti, ulipoipaka rangi ikakosa. Basi rangi ndo mshtakiwa wa kwanza. Karenti ya magneto, ule mtambo wa sumaku na koili unaozalisha umeme, lazima irudi ilikotoka, na barabara yake ya kurudi ni chuma cha fremu. Ile koili ya plagi inapata athi, yaani hiyo njia ya kurudi, kupitia bolti zake zinapoikamata fremu. Wewe umepaka tabaka tatu na rangi haipitishi umeme, kwa hiyo koili yako iko hewani tu inaning'inia. Fungua, kwangua rangi pale bolti zinapokaa mpaka uone chuma cheupe, pia pale injini inaposhika fremu, kisha paka grisi kidogo juu chumvi isile. Waya za kijani kwenye Honda ni za athi, zifuate moja moja mpaka mwisho wake.

La pili, platina mpya hutoka kiwandani zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu kwenye zile nyuso zinazogusana. Watu wengi wanazifunga vivyo hivyo halafu wanashangaa. Chukua karatasi nyeupe ngumu, chovya petroli, ipitishe katikati ya platina zikiwa zimefunga, vuta, rudia mpaka karatasi itoke safi.

La tatu swichi. Kwa pikipiki ya magneto swichi inafanya kazi kinyume na vile watu wanavyodhani, ukizima haikati umeme, inaupeleka athi. Kwa hivyo waya wa swichi ukibanwa mahali ukagusa chuma, pikipiki imezimwa hata kama ufunguo umewashwa. Chomoa huo waya ujaribu bila swichi.

Na usitafute cheche saa saba mchana juani. Jua la huko kwenu linaficha cheche hata nzima. Ingia kivulini, plagi iguse kichwa cha injini, mwenzio apige kiki.

Mnyaa_Tanga
Mzee hapo amemaliza kila kitu. Mi Vespa yangu ilinisumbua mwezi mzima sababu ya rangi, tena fundi aliyepaka alikuwa mimi mwenyewe

Barani_C70 (Jumapili)
Mzee BabaPlatina Mungu akuweke!! Nimefungua koili, bolti zilikuwa zimekaa juu ya rangi tupu, nikapima kwa mita kutoka mwili wa koili hadi injini hakuna njia kabisa. Nimekwangua. Karatasi ya platina nayo ilitoka na mstari wa kahawia kama wa chai. Kiki ya tatu ikawaka, ami alikuwa ndani anakunywa kahawa akatoka na kikombe mkononi, hakusema kitu, alisimama tu akisikiliza. Nimezunguka nayo mpaka Nguzo ya Vasco da Gama na kurudi. Uzi ufungwe.

Barani_C70 (Jumatano)
Uzi usifungwe.

Jana nilikuwa naenda Mambrui, nimevuka daraja la Sabaki vizuri tu, mbele kidogo ikazima. Haikukohoa, haikupunguza nguvu, ilizima kama mtu kageuza ufunguo. Kiki kiki kiki, wapi. Nikakaa chini ya mti dakika ishirini hivi nikala maembe mawili, nikapiga kiki ya kwanza tu ikawaka! Nikageuza kurudi, nilipokaribia kituo cha mafuta ikazima tena. Leo nimejaribu mara tatu na kila mara ni ile ile, dakika kumi na tano inakwenda, inazima, ikipoa inawaka. Ami kaniuliza "mbona unarudi na jasho?" nikamwambia nafanya mazoezi.

GongoniBoda
Kumbe ni wewe! Nilikupita pale mtini nikasema huyu anauza maembe 😂😂

Mnyaa_Tanga
Angalia tundu la kifuniko cha tangi kaka. Likiziba petroli haishuki, inazima, ukikaa kidogo hewa inaingia inawaka tena. Dalili zinafanana sana. Ikizima fungua kifuniko hapo hapo, ukisikia fyuuu ndo hiyo

Kiwayu40HP
Au valvu zimebana. C70 ni 0.05 mm ikiwa baridi, nafasi ndogo mno, ukiweka chini ya hapo ikishapata moto valvu haifungi vizuri. Lakini kwanza ujue umekosa nini, moto au mafuta. Tembea na plagi nzima mfukoni. Ikizima tu, kabla haijapoa, ichomeke kwenye kofia ya plagi, igusishe injini, piga kiki. Cheche ipo ama haipo? Bila jibu la hilo sote tunapiga ramli.

Barani_C70
Kifuniko nimefungua, hakuna fyuuu. Plagi ya mfukoni, hakuna cheche. Nimefanya mara mbili. Kwa hivyo ni karenti.

TezaBoy
Kondensa hiyo. Asilimia mia. Ikishapata joto inavuja. Badilisha ulale

Jogoo_wa_Kilifi
Koili ya plagi. Mimi yangu ilikuwa ivo ivo

TezaBoy
Kondensa nimekwambia

Barani_C70 (wiki moja baadaye)
Ripoti. Kondensa mpya kutoka duka moja Mombasa, shilingi 450. Haikusaidia. Koili ya plagi 1,800, haikusaidia. Kofia ya plagi na waya wake 600, plagi nyingine 350, haikusaidia. Nikarudi nikanunua kondensa ya pili nikidhani ile ya kwanza ni feki, 450 tena. Jumla 3,650 na ukiongeza nauli na soda tuseme elfu tano. Pikipiki bado dakika kumi na tano, ni kama imewekewa saa. Ami sasa anaicheka, ananiuliza nimefika wapi leo, Sabaki au kituo cha mafuta.

Kiwayu40HP
Ndugu yangu umenunua duka zima na hujapima kitu hata kimoja. Mimi niko Lamu, kazi yangu mashine za boti, na mashine za zamani zina magneto ya aina hiyo hiyo. Mvuvi anaweza kukufia baharini kwa sababu ya koili inayozima ikishapata moto, kwa hivyo sisi hatubahatishi. Hebu sikia.

Kondensa ikifa inaacha alama. Kazi yake ni kumeza ule umeme unaotaka kuruka platina zinapofunguka. Ikiwa mbovu utaona platina zinapiga mwanga mkali wa buluu injini ikizunguka, na ukizifungua nyuso zake zimeungua, upande mmoja shimo na upande mwingine kichuguu. Sasa wewe platina zako zikoje? Kama ni safi basi kondensa haina kosa, na ungelijua hilo kabla ya kupanda matatu ya Mombasa.

Halafu kuna koili mbili watu huzichanganya. Kuna hii ya nje inayopeleka moto kwa plagi, hiyo umeshabadilisha. Na kuna ile ndogo iliyo ndani, chini ya flaiwili (lile gurudumu zito lenye sumaku), ndo inayozalisha umeme wenyewe sumaku zikiipita. Hiyo hakuna mtu aliyeitaja hapa na ndiyo inayokaa jirani na injini inapikwa siku nzima. Platina umeziona?

Barani_C70
Platina safi kabisa, za kijivu, hakuna kichuguu. 🤦🏾

Kiwayu40HP
Basi toa flaiwili. KWA PULA, kile kifaa cha kuivutia nje. Usipige nyundo hata kama shemeji yako amesema anajua, sumaku zinapasuka ama zinapungua nguvu na hapo utakuwa umeniletea uzi mwingine.

BabaPlatina
Nami naunga mkono, nilisahau kuuliza habari ya koili ya ndani, uzee huu. Ukitoa flaiwili tazama na ile kii ya krenki, kale kachuma kadogo ka nusu mwezi. Ikikatika hata nusu taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, inahama.

FundiRedio_Shela
Habari zenu. Mimi si mtu wa pikipiki, natengeneza redio na televisheni, lakini waya ni waya. Kaka Barani, ukiipima hiyo koili mezani ikiwa baridi itakwambia ni nzima na utaamini. Kosa linatokea ikiwa na joto, basi ipime ikiwa na joto. Redio nyingi huja kwangu zinafanya kazi vizuri, mwenyewe anaapa kwamba nyumbani inakatika, mimi huwa nazipasha kwa draya ya nywele mpaka nijionee. Toa sahani nzima ya magneto, ile inayobeba koili na platina, chomoa waya unaokwenda nje, katikati ya platina weka kipande cha karatasi ili mita isisome njia ya platina, weka mita kwenye om, pasha pole pole na usiondoe macho.

TezaBoy
draya ya nywele 😂 leo tumefika

FundiRedio_Shela
Cheka tu, wewe ndo uliyesema asilimia mia

Barani_C70 (Jumamosi jioni)
Wallahi sijui nianzie wapi kusimulia. Mimi draya sina ila dada yangu ana saluni. Nimekwenda na sahani ya magneto imefungwa kwenye gazeti. Kulikuwa na mama mmoja amekaa na rola kichwani, akauliza "hiyo nayo inasukwa ama inatiwa dawa?" saluni nzima ikacheka. Dada kanipa kiti cha pembeni, mita nimeiweka kwenye paja.

Baridi: om moja na nukta kidogo, imetulia. Dakika ya kwanza, ya pili, ileile. Dakika ya nne ikaanza kucheza, mbili, moja, tano, moja. Sahani ilikuwa moto huwezi kushika. Karibu na dakika ya sita ikaruka, mita ikaandika OL, hakuna njia kabisa, waya umekatika. Nimezima draya nikaiacha pale juu ya gazeti. Nikiitazama, mama wa rola naye akiitazama, baada ya kama dakika kumi ikarudi om moja na nukta, kama haikufanya kitu. Yule mama akasema "mwongo huyo". Nilitaka kumkumbatia.

Kii ya krenki ni nzima Mzee. Sasa hii koili naipata wapi?

Mnyaa_Tanga
Hapo sasa mimi ningeshauri uachane na platina kabisa. Zile injini za Kichina za cub 110 zina magneto ya 12V na CDI, watu wanahamishia sahani, flaiwili na waya, unapata taa nzuri na hakuna tena kusafisha safisha. Platina ni za kina babu

BabaPlatina
Za kina babu ndiyo, na pikipiki ni ya nani? Super Cub imeanza 1958 na mpaka 2017 wameshatoa milioni mia moja, hakuna chombo kingine cha injini kilichofika hapo, na nyingi katika hizo za mwanzo zilitembea kwa platina dunia nzima kwenye matope na vumbi. CDI ikifa njiani unaitupa. Platina ikigoma kuna kipande cha msasa na kucha ya kidole gumba.

Mnyaa_Tanga
Sawa Mzee lakini CDI haigomi hivyo kila mwezi. Nami nayapenda ya kale, ila mtu anataka kufika aendako

Kiwayu40HP
Nyote mna haki lakini mnamtoa njiani. Barani usinunue kitu tena na usikubali mtu aisuke upya kabla hajaitazama. Koili inayokatika kwa joto na kurudi ikipoa mara nyingi kosa haliko katikati ya msuko, liko mwishoni, pale waya mwembamba unapounganishwa na waya mnene. Pana lehemu ya miaka arobaini pale, chumvi imeingia, joto linatanua, linaachana. Mpelekee fundi wa kusuka mota, mwambie aanze na ncha.

Barani_C70 (Jumatatu)
Nimempelekea fundi mmoja wa kusuka mota za pampu, mtu wa maneno machache. Akavaa miwani juu ya miwani. Akatoa ule uzi wa pamba uliofungwa juu, akakwangua vanishi kwa wembe, akaniita "njoo uone". Lehemu ilikuwa imevunjika duara kabisa kuzunguka waya, kama jino linalotikisika, na chini yake unga wa kijani. Ukisukuma kwa ncha ya wembe inagusa, ukiachia inaachana. Hilo tu. Jambo lenyewe dogo kuliko punje ya mchele.

Akarudisha nyuma mzunguko mmoja wa waya apate mahali safi, akausugua mpaka ukang'aa shaba, akalehemu upya, akafunga uzi, akapaka vanishi, akaiweka chini ya balbu ikauke mpaka saa kumi. Shilingi mia tatu. Nimempa mia nne kwa aibu.

FundiRedio_Shela
Umeipasha tena?

Barani_C70
Nimeipasha kule kwa dada, dakika kumi na mbili mfululizo, haikutikisika. Saluni wamenizoea sasa wananiita fundi.

BabaPlatina
Vizuri. Kabla hujafurahi, sahani umeitoa na kuirudisha, kwa hivyo taimingi lazima uitazame. Nafasi ya platina iwe 0.3 hadi 0.4 mm zikiwa zimefunguka kabisa. Halafu kwenye flaiwili kuna alama ya F, ikifika mbele ya alama ya kwenye injini hapo ndo platina zianze kufunguka, si kabla wala si baada. Watu hutumia balbu lakini kwa magneto balbu inadanganya, maana koili ya ndani ina om ndogo mno, platina zikifunguka umeme bado unapita kwenye koili na balbu haizimi sawasawa. Sisi tulitumia karatasi ya sigara. Weka kipande katikati ya platina, kivute polepole sana huku unazungusha flaiwili kwa mkono upande inaozunguka injini. Pale karatasi inapoachia na kuteleza, simama. Tazama F iko wapi.

Barani_C70
Mimi sivuti sigara, nimeomba moja kwa jirani akaniangalia vibaya nikamwambia ni ya taimingi, hakuniamini. Karatasi iliachia F ikiwa bado upana wa kidole haijafika! Ndo maana juzi kiki ilinirudi ikanipiga kisigino, nilidhani ni mguu wangu. Nimepunguza nafasi ya platina kidogo, sasa inaachia pale pale, nimerudia mara tano. Hiki kitu kinapendeza, unahisi kwenye vidole, karatasi imeshikwa, imeshikwa, halafu inalainika.

GongoniBoda
Tunasubiri matokeo huku Sabaki, mti bado upo

Barani_C70 (Ijumaa)
Leo nimetoka Barani saa mbili asubuhi, nimepita daraja, nimeupita mti wangu nikaupungia mkono, Mambrui, nikaendelea mpaka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, nikanywa chai bila kuzima injini kwa woga, nikarudi. Saa nzima na robo ya kuendesha. Haikukohoa hata mara moja, juu ya upepo wa kaskazi na jua lote lile. Plagi nimeichomoa ina rangi ya kahawia kama bisikuti.

Ami ameichukua kwenda nayo msikitini. Amerudi akasema honi haifanyi kazi.

Mnyaa_Tanga
😂😂 honi nayo cheki athi, rangi hiyo

GongoniBoda
Nilikuona Gongoni. Kusema kweli ni nzuri. Ami akitaka kuiuza nambie kwanza

Kiwayu40HP
Hongera. Sasa tuzungumze biashara, una koili ya plagi mpya ya 1,800 na kondensa mbili zisizo na kazi. Huku nna mashine moja ya boti inataka kondensa, nna uhakika ikipimwa itafaa, nitaipa mahali pa juu mbali na joto. Unaziachia kwa ngapi?

Barani_C70
Kondensa chukua zote mbili bure ustadhi, umenifaa sana. Nazipa basi la Lamu kesho asubuhi, mtu awe Mokowe kuzipokea. Koili sikupi, nimeirudisha ile ya zamani kwenye pikipiki na hii mpya naiweka chini ya siti pamoja na pula, plagi na paketi ya sigara.